Presha yangu haikushuka mpaka nilipotibiwa kukoroma

Kwa karibu mwaka mzima mke wangu alikuwa halali mpaka ahakikishe ninapumua, na mimi sina habari. Naendesha Canter, nabeba vitunguu kutoka Mang'ola, kule kando ya Ziwa Eyasi, hadi Arusha mjini. Nyumbani kwetu Sakina kila mtu alijua kwamba Baba Neema akilala, hata jirani anamsikia. Tuliona ni uchovu wa barabara. Mtu akikoroma watu husema kapata usingizi mnono, basi yanaishia hapo.

Usingizi wenyewe haukunisaidia kitu. Niliamka kichwa kinauma, mdomo umekauka, na usiku nimekwenda chooni mara nne, hata nikadhani ni tezi dume au sukari. Presha ndiyo iliyonichosha zaidi. Nilikuwa natumia dawa aina tatu, sijaruka hata siku moja, na bado kipimo kinasoma 168 kwa 104. Kwenye kituo nilichokuwa nahudhuria wakaniambia nadanganya, dawa sizimezi. Liliniuma sana neno lile. Mama yangu yeye alisema, "Mwanangu, hilo ni jinamizi linakukaba," tukafanyiwa maombi. Maombi siyakatai mpaka leo, na mama hakukosea kabisa: kweli kulikuwa na kitu kinanikaba.

Agosti 2022, saa nane mchana, nimeshapita Makuyuni naelekea Kisongo. Barabara pale imenyooka, jua kali, mzigo umejaa. Niliposhtuka, utingo wangu kashika usukani kwa mikono miwili anapiga kelele, tairi za kushoto ziko kwenye changarawe, na mbele yetu kuna mtoto wa Kimaasai anaswaga mbuzi. Nilisimamisha gari nikaenda kukaa chini ya mti, magoti yanatetemeka. Sikuwa nimekunywa. Usiku uliopita nilikuwa nimelala tangu saa mbili mpaka saa kumi na moja alfajiri.

Jioni ile nilimweleza mke wangu. Hakusema neno, akaniletea simu yake. Alikuwa amenirekodi wiki mbili nyuma, kwa mwanga wa tochi. Nakoroma kwa nguvu, halafu kimya. Kifua na tumbo vinapanda na kushuka kama mtu anayevuta hewa, lakini hewa haipiti. Kwenye video sauti yake inahesabu taratibu: ishirini na nane, ishirini na tisa, thelathini. Alipofika thelathini na mbili akaniita, "Baba Neema, pumua!" Nikakurupuka na mkoromo mkubwa kama mtu aliyeibuka majini, nikageuka, nikaanza tena. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia mara tatu, na mara zote nilijibu hata baba alikuwa hivyo hivyo.

Ni kweli, baba alikuwa hivyo. Alikoroma maisha yake yote, na alipata kiharusi usiku, tukamkuta asubuhi. Kilichosababisha siwezi kukisema, hakuna aliyempima. Lakini usiku ule sikulala.

Daktari wa masikio, pua na koo aliangalia video mara moja tu, akachukua futi ya fundi cherehani akanipima shingo: sentimita 44. Akaniambia kwa mwanaume, shingo inayozidi 40 ni moja ya dalili za kuangalia, pamoja na uzito, presha na kusinzia mchana. Nikavalishwa mkanda kifuani, kimrija puani na kifaa cha kidoleni, nikalala navyo usiku mmoja. Majibu: pumzi ilikatika au kupungua mara 41 kwa saa, na oksijeni kwenye damu ilishuka mpaka asilimia 71. Kuanzia mara 30 kwa saa wanahesabu kuwa kali. Ugonjwa wenyewe unaitwa apnia ya usingizi. Misuli ya koo inalegea mtu akilala, njia ya hewa inajifunga, ubongo unamshtua apumue, na yeye asubuhi hakumbuki chochote.

Nilipouliza hili linahusiana vipi na presha, alinijibu kwa lugha yangu. "Umeshapanda na mzigo ile milima ya juu ya Mto wa Mbu? Moyo wako unapanda ile kila usiku, mara 41 kwa saa." Oksijeni ikishuka mwili unamwaga homoni zile za mtu aliye hatarini, mishipa inabana, presha inaruka. Usiku kucha, miaka kumi. Akaniambia wazi kwamba ukiliacha hivyo linaambatana na moyo kupoteza mpangilio wa mapigo yake, kushindwa kwa moyo, kiharusi na kisukari cha aina ya pili, na kwa dereva kuna ajali kabla ya hayo yote.

Tiba yangu ni mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani kwa mpira ili koo lisijifunge. Aliyeivumbua ni Colin Sullivan, daktari wa Australia, aliyeitangaza mwaka 1981. Kuinunua kulinigharimu ng'ombe wawili. Wiki ya kwanza niliichukia. Barakoa iliniacha na alama puani, hewa ikavujia machoni, usiku wa tatu nikaivua nikaitupa chini. Nilichokuja kugundua ni kwamba nilikuwa nakaza mikanda kupita kiasi. Nilipoilegeza, na kuanza kuivaa nikiwa nimekaa macho nasikiliza taarifa ya habari, mwili ukazoea. Umeme ukikatika naiunga kwenye betri ya gari kupitia inveta, nazima kipasha maji chake cha kuipa hewa unyevu, isile chaji. Mang'ola naenda nayo. Pombe ya jioni nimeacha, maana inalegeza koo zaidi, na silali chali.

Safari za chooni usiku ziliisha ndani ya wiki mbili, hilo ndilo lililonishangaza kuliko yote. Baada ya miezi minne, na kilo tisa kupungua, presha ilisoma 134 kwa 86. Dawa bado natumia. Daktari alinisisitizia kwamba mashine peke yake haishushi kiasi hicho, ila sasa dawa zinapata nafasi ya kufanya kazi.

Jumapili iliyopita shemeji yangu wa Moshi alinitumia sauti ya mdogo wangu akiwa amelala. Nilihesabu mpaka ishirini na sita. Yeye ni dereva wa Noah, barabara ya Arusha kila siku. Nimempigia, akacheka, akasema hata baba alikuwa hivyo. Alhamisi nakwenda kumchukua mwenyewe.