Koti juu ya meza ya vielelezo

Jioni ile ya mazoezi ya tamthilia tulikuwa na onyesho moja tu mbele yetu, la mahakamani. Nilikuwa msaidizi wa mwongozaji, mwenye kushika mswada na kuandika kila badiliko, ndiyo maana bado nakumbuka mwandishi alibomoa nini na akajenga nini.

Mtunza ghala anashtakiwa kwa kuchoma ghala la mwajiri wake. Shahidi mkuu ni mlinzi, anayeapa kwamba ufunguo wa lango ulipotea wiki nzima kabla ya moto. Katika mswada wa awali wakili wa utetezi alisimama, akauliza swali moja, akautoa ufunguo kwenye koti la mlinzi, kesi ikaisha. Mshtuko ulikuwepo, lakini mshtuko hupita upesi. Taharuki huhitaji muda, na watazamaji hawakupi muda huo mpaka wawe na jambo la kuhofia.

Kwa hiyo mwandishi alirudi nyuma hadi onyesho la pili. Mlinzi, akiwa peke yake jukwaani, anatumbukiza ufunguo katika mfuko uliotoboka, unaangukia ndani ya bitana. Sasa watazamaji wanajua, wakili hajui. Mahakama inapofunguliwa, koti liko juu ya meza ya vielelezo, hatua mbili kutoka kizimba cha shahidi, na kwa muda mrefu hakuna anayelitaja.

Kisha maswali. Wakili analitaka koti kwa jambo dogo tu, harufu ya moshi, ili athibitishe kuwa mlinzi alikuwa karibu na moto.

“Mzee, koti hili ni lako?”

“Ni langu.”

“Usiku ule ulilivaa?”

“Nililivaa.”

“Umewahi kumwazima mtu?”

“Hapana, sijawahi.”

Kila jibu ni la kweli na linaonekana halina madhara, na kila moja linafunga mlango. Ufunguo ukitajwa kwanza, shahidi atasema koti alilivaa mtu mwingine, na hakuna wa kumpinga. Mpangilio huu ndio uti wa mgongo wa onyesho lote: mambo madogo ya kukubali kwanza, swali zito mwisho.

Baada ya swali la tatu wakili analirudisha koti mezani na kuanza kuuliza kuhusu taa. Hapo ndipo ukumbi unapoumia.

Mwandishi alitukumbusha kesi ya Shylock, mkopeshaji anayedai ratili ya nyama ya mwili wa mdeni wake Antonio, katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Kisu kimenolewa, mizani iko tayari, kifua cha Antonio ki wazi. Portia, aliyejigeuza mwanasheria, anamtaka Shylock alete tabibu wa kuzuia damu, naye anauliza kama hilo limeandikwa kwenye hati. Silaha itakayomwangusha, damu ambayo hati haikumruhusu kuimwaga, imetajwa waziwazi, na yeye mwenyewe ndiye anayeshikilia maandishi neno kwa neno.

Mapingamizi ya mwendesha mashtaka yalikuwa tisa. Yalibaki mawili, yote wakili anapoukaribia ufunguo. Pingamizi linalokuja wakati hakuna hatari huwa kelele tu. Palipoandikwa “kimya” pakawekwa kazi: hakimu anaandika ushahidi kwa mkono, na wakili haruhusiwi kuuliza tena mpaka kalamu inyanyuke. Mwigizaji asiye na la kufanya wakati wa kimya huhesabu kichwani, na watazamaji humwona akihesabu.

Mwigizaji wa wakili alipandisha sauti tangu swali la kwanza, akakosa pa kupandia. Mwongozaji akamtaka aongee kama mtu anayeuliza njia. Wa mlinzi naye alijifuta jasho mapema mno. Shahidi anayeonekana mwongo tangu anapokula kiapo ameshaimaliza kesi. Huyu lazima aaminike, tena awe na haki ya kuogopa: akipatikana na ufunguo, yeye ndiye atakayeingia kizimbani mwa mshtakiwa.

Ufichuzi wenyewe aliupata mwandishi humo humo mazoezini. Hakimu anaagiza koti lipelekwe kwa shahidi alitambue rasmi, na mlinzi ananyoosha mikono kulipokea kabla karani hajalinyanyua. Wakili anaiona ile haraka. Anamwomba karani asubiri, analichukua yeye, anapapasa upindo.

Hukumu, iliyokuwa ukurasa mzima, ilibaki sentensi mbili, kwa sababu ufunguo ukishatoka watazamaji wameshahukumu na hawana tena la kusubiri kutoka kwa hakimu.