Nilikwenda Den Haag kumwona fahali

Treni ya Amsterdam hadi Den Haag, hapa Uholanzi, haimalizi hata saa moja, na muda wote sikuondoa macho dirishani. Nchi ni tambarare, majani mabichi mpaka upeo, na ng'ombe weusi kwa weupe kama wale aliowafuga baba kule Njombe. Wale Friesian wetu jina lao limetoka Friesland, jimbo la kaskazini mwa nchi hii. Uzio sikuuona sana. Mitaro ya maji ndiyo inayogawa mashamba na kuwazuia ng'ombe wasivuke kwa jirani.

Niliyemfuata ni mmoja tu, fahali wa kwenye picha, yuko Mauritshuis, makumbusho yaliyo kando ya bwawa katikati ya mji. Wageni wengi walikuwa wameizunguka picha ya mchoraji Vermeer, ya msichana mwenye hereni ya lulu. Mimi nikauliza alipo fahali.

Paulus Potter alimchora mwaka 1647, kabla hajatimiza miaka 23. Picha ina upana wa zaidi ya mita 3 na kimo cha zaidi ya mita 2. Picha kubwa namna hiyo zamani zile zilikuwa za wafalme na vita. Potter akampa ng'ombe wa malishoni.

Nikasogea karibu. Nzi wako mgongoni. Singa za kwenye paji zimejisokota kama za ndama aliyetoka kulambwa na mama yake. Jike aliyelala pembeni pua yake imelowa, nikamkumbuka baba: pua ikikauka, mwite daktari. Chini kabisa kwenye majani kuna chura, ni rahisi kumpita.

Halafu nikaanza kumkagua kama mnadani. Nundu hana, ni ng'ombe wa Ulaya. Lakini mabega ni ya dume lililokomaa, na nyuma ni kama bado anakua. Wataalamu nao wanasema Potter aliunganisha viungo vya wanyama wa umri mbalimbali. Kwangu hilo halimpunguzii kitu. Kila kiungo peke yake ni cha kweli, na mtu haoni hivyo bila kushinda zizini.

Mwaka 1795 Wafaransa waliichukua picha hii wakaipeleka Paris, ikarudi 1815. Potter mwenyewe alikuwa amekufa zamani, 1654, ana miaka 28. Ningependa kuona angechora nini akiwa na 50.

Nyuma ya mifugo, mbali, kuna mnara mdogo wa kanisa la Rijswijk, mji ulio jirani na Den Haag. Mchana nikapanda tramu kwenda huko. Kanisa bado lipo, limezungukwa na nyumba na maduka. Nikatafuta pa kusimama ili niuone mnara kwa upande ule wa Potter, lakini kila nilipogeuka palikuwa na ukuta wa mtu.