Jinsi tulivyoandaa mbio za mashua ufuoni Kisumu bila kuzidiwa na upepo

Kwa misimu mitatu ya likizo za Agosti nimekuwa kwenye kamati ya sikukuu ya ufuo wetu, hapa upande wa Kisumu wa Ghuba ya Winam, katika Ziwa Victoria. Siku yenyewe ina mengi: ngoma, samaki, kuvuta kamba, michezo ya watoto. Lakini kinachowatoa watu Nyalenda, Manyatta na hata Ahero ni mbio za mashua. Mbio hizo zikiharibika, mara nyingi chanzo ni kimoja: mashua zimeingia majini upepo ukiwa umeshageuka.

Ziwa lina saa zake. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo mwepesi hutoka huku kwetu kwenda ziwani. Maji hutulia na magugu maji husukumwa mbali na ufuo. Jua likishapanda, nchi kavu hushika joto kuliko ziwa na upepo hugeuka. Kufikia saa sita mchana unavuma kutoka magharibi, na saa nane mawimbi yameshaota vichwa vyeupe. Upepo huohuo ndio unaorudisha magugu. Kisumu imekaa kwenye ncha ya mashariki ya ghuba, hivyo kinachoelea huku na kule huishia kwetu, na zulia la magugu likishaingia, hakuna kasia litakalopita. Jioni kuna mvua ya radi inayoweza kushuka kutoka vilima vya Nandi. Msimu wa kwanza tulichelewesha mbio tukimngoja mgeni wa heshima. Alipowasili saa saba, njia ya mbio ilikuwa imegeuka shamba la majani, na fainali haikufanyika.

Tangu hapo ratiba yetu haisogezwi. Mbio ya kwanza inaanza saa mbili kamili asubuhi, ya mwisho inamalizika kabla ya saa tano. Wageni wanaandikiwa barua kwamba hotuba ni saa sita, baada ya mbio, na zawadi zitatolewa hapohapo. Hakuna aliyekasirika.

Tarehe nayo haichaguliwi ovyo. Wavuvi wa omena, yaani dagaa, hufanya kazi usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo wengi hukaa nyumbani kushona nyavu. Tunachukua Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu wakati shule zimefunga. Ukiweka tarehe yako kwenye giza, nusu ya wapiga makasia watakuja moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu, mikono imechoka. Desemba tuliikataa kwa sababu mvua za vuli huwa bado hazijaisha, na mwezi huo watu wengi huelekea kisiwa cha Rusinga kwenye tamasha la utamaduni wa Abasuba. Ukipata nafasi nenda ukalione, ila usipange shughuli yako kugongana nalo.

Maandalizi yanaanza wiki sita kabla. Mlango wa kwanza ni kamati ya usimamizi wa ufuo, BMU (Beach Management Unit), kwa sababu wao ndio wanaojua mashua ya nani ni ipi, na bila wao hutapata hata nanga. Baada yao tunapeleka barua kwa chifu, polisi, walinzi wa pwani wanaoshika doria ziwani, na ofisi za kaunti zinazohusika na afya na kibali cha vipaza sauti. Kila barua ina mchoro wa ufuo unaoonyesha mbio zitapita wapi, magari yataegeshwa wapi na gari la wagonjwa litatokea njia gani. Mchoro huo ulitupunguzia safari nyingi za ofisini, maana maswali mengi hujibiwa kabla hayajaulizwa.

Sasa njia ya mbio. Sisi tunatumia mita 800: mita 400 kwenda, kugeuka, mita 400 kurudi. Mashua za mbao za aina ya sesse, zenye urefu wa mita 7 hadi 9, wapiga makasia 8 na nahodha 1, huimaliza kwa dakika 6 au 7. Ukiongeza urefu watazamaji hawaoni tena kinachoendelea kule mbali, na mashua ya uokoaji huchelewa kufika. Njia ikae mbali na mafunjo. Ndani ya mafunjo kuna viboko, na asubuhi mapema huwa bado wanarejea majini kutoka malishoni. Mvuvi anayelala ufuo huo ndiye wa kumuuliza wanapita wapi. Ramani haitakuambia.

Maboya tunayatengeneza wenyewe kwa mitungi ya lita 20 ya mafuta ya kupikia, ile ya manjano, kwa sababu rangi hiyo inaonekana hata jua likimulika maji. Hapa ndipo wengi hukosea. Mtungi mtupu hukaa juu ya maji kama mpira, upepo unaushika, unavuta nanga, na baada ya nusu saa alama yako imehama mita 30. Tia lita 4 za maji ndani. Mtungi utasimama wima, karibu robo yake chini ya maji, na upepo hautaushika kirahisi. Kata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kiweke chini ya kifuniko, kisha kaza. Kifuniko peke yake huvuja, na mtungi uliojaa huzama taratibu bila mtu kugundua. Nanga ni gunia la nailoni lenye kilo 40 za mchanga, limefungwa shingo mara mbili. Kamba iwe mara moja na nusu ya kina cha maji. Pale petu maji ni mita 4, kwa hiyo kamba ni mita 6. Fupi zaidi ya hapo, wimbi litainua gunia. Ndefu zaidi, kamba italegea juu ya maji na kunasa kasia. Tunafunga jiwe dogo katikati ya kamba ili sehemu iliyolegea izame.

Kwenye kugeuka tuliwahi kuweka boya moja kwa mashua zote. Usifanye hivyo. Mashua nne zenye urefu wa mita 8 zikigombania kona moja, makasia hugongana, na mashua ya ndani hulalia ubavu. Sasa kila mashua ina boya lake, yote manne kwenye mstari mmoja, mita 20 kati ya moja na jingine, na zote zinageukia kushoto. Kwa hiyo njia nzima ina maboya 4 ya kugeukia, 4 ya kuonyesha mapito katikati, na 1 la mwisho wa mbio.

Mwanzo wa mbio nao una ujanja wake. Mashua haitulii majini, inasukumwa tu, na ukisubiri zote zinyooke utasubiri mpaka kesho. Tunatia nanga mashua mbili pembeni, mita 60 kutoka ufuoni, tunavuta kamba nene kati yake, na kamba ina vitanzi vinne. Nahodha anashika kitanzi chake kwa mkono mmoja. Bendera nyekundu ikiinuliwa, kila mtu anatuliza kasia. Ikishuka, nahodha anaachia. Tunatumia bendera badala ya filimbi kwa sababu ngoma za kushangilia zikishika moto, filimbi haisikiki vizuri kule majini.

Mashua 12 za wanaume zinagawanywa michujo mitatu ya nne nne. Washindi watatu na mashua ya pili iliyo na muda bora wanaingia fainali. Wanawake wana mbio moja ya mashua nne, na tunaiweka kabla ya fainali ya wanaume ili wapate maji mazuri. Jumla ni mbio 5. Kila moja hula dakika 25 ukihesabu kupanga, kupiga makasia na kubadilishana vifaa. Zote ni saa mbili na dakika chache, kwa hiyo kabla ya saa tano unabaki na karibu saa nzima ya akiba. Akiba hiyo utaihitaji: kasia litavunjika, kikosi kitabishana kuhusu muda, mtu atakuwa ameenda kutafuta chai.

Nilichotaja kama vifaa ni jaketi za kuokoa maisha. Idadi yake ndiyo iliyoamua kwamba mashua ziwe nne kwa kila mbio. Watu 36 majini, 6 kwenye mashua za uokoaji, na 3 za akiba: jumla 45. Usikubali mtu yeyote aingie bila jaketi, hata akikuambia amezaliwa kwenye mashua. Wavuvi wengi huogelea vizuri, lakini aliyegongwa kichwa na kasia haogelei.

Jaketi nyingi za kukodi zimechakaa kwa ndani. Zinaonekana nzima, ila sponji yake imeshakunywa maji. Tunazipima siku mbili kabla. Jaketi la mtu mzima la nyutoni 100 linapaswa kubeba kama kilo 10 majini, kwa hiyo tunafunga jiwe la kilo 8 kwenye kamba zake, tunalitupa ziwani karibu na gati na kuliacha nusu saa. Jiwe likiwa ndani ya maji huwa jepesi, kwa hiyo hili ni jaribio la huruma, na jaketi linaloshindwa hata hapo halifai kabisa. Msimu uliopita, katika jaketi 45, 7 zilizama na tukazirudisha kwa mwenyewe. Ukishamvika mtu, shika mabega ya jaketi uvute juu. Likipita kidevu, ni kubwa kwake au hajafunga kamba za chini.

Mashua zenyewe tunazikagua Ijumaa saa kumi jioni. Ziingizwe majini, watu 9 wakae ndani kwa dakika 15, kisha tuangalie maji yaliyoingia. Maji yakifika kwenye vifundo vya miguu, mashua inarudi nchi kavu. Fundi anapiga pamba kwenye nyufa kwa patasi butu, na bati likiwa limeachia anagongomea jingine. Kila mashua ibebe kopo la kukumbia maji, lililokatwa kutoka mtungi wa lita 5 mpini ukiachwa. Mzee mmoja anayetusaidia kukagua huzungusha kidole gumba kwenye kila kichwa cha msumari kando ya mkuku. Msumari ukizunguka, mbao imeoza hapo. Nilimuuliza kwa nini asitumie nyundo. Akasema, "Mwanangu, nyundo inaficha. Kidole kinakuambia."

Mashua za uokoaji ni mbili, zenye injini za nguvu ya farasi 15. Moja inakaa kwenye kugeuka, nyingine karibu na mstari wa mwisho. Kila moja ina dereva na watu wawili, mtungi mtupu wa lita 5 uliofungwa kwenye kamba ya mita 15 wa kumrushia mtu, na kisu cha kukatia kamba. Kanuni ni moja: ukimkaribia mtu majini, mita 5 za mwisho injini imezimwa. Panga la injini ni hatari kuliko kuzama.

Wapiga makasia wale mapema, saa kumi na mbili asubuhi: uji, mandazi, au nyoyo kidogo (mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja). Samaki na ugali ni baada ya mbio. Kwa watu 150 tunaowalisha, yaani vikosi na wasaidizi, tunatumia kilo 32 za unga, na samaki wanakaangwa na kina mama wa ufuo kwa mkataba wa sahani, si wa kilo. Mkataba wa kilo hutuletea ugomvi kila mara, maana samaki akishakaangwa hupungua uzito. Jiko liwe upande ambao moshi wa saa tano hautaelekea jukwaani. Tena ni upepo huo huo, usisahau utageuka.

Michezo ya watoto tunaiweka mchangani, wala si majini. Kichocho kipo ziwani, na vijidudu vyake hutoka kwenye konokono kwa wingi zaidi karibu na adhuhuri, wakati ambao watoto wanatamani kuogelea. Kamba ya kuvutana iwe ya katani, mita 30, nene kama kifundo cha mkono wa mtoto. Ya nailoni hunyooka kama mpira, na ikikatika hupiga watu usoni.

Muziki unaanza saa tano, mbio zikishaisha: nyatiti kwanza, yenye nyuzi zake nane, halafu orutu, zeze la uzi mmoja, na ngoma za ohangla mwishoni. Kabla ya hapo ni ngoma mbili tu za kushangilia, ili refa asikike.

Zawadi tuliacha kuzitoa kama pesa mkononi mwa nahodha, kwa sababu mgao ulivunja vikosi viwili. Sasa kila mshindi anatumiwa fungu lake kwenye simu yake mwenyewe, na kikosi kinapata jaketi 9 mpya za kubaki nazo. Mama mmoja aliyeshinda mbio za wanawake aliniambia Jumatatu iliyofuata kwamba mume wake ametoka na jaketi lake kuvua usiku.

Jumapili asubuhi, upepo ukiwa bado wa nchi kavu, tunarudi kutoa maboya. Kamba iliyoachwa majini hujizungusha kwenye injini ya mvuvi usiku, akiwa peke yake. Maboya 9 yaliingia, kwa hiyo kamba 9 na magunia 9 lazima yahesabiwe mchangani kabla ya mtu yeyote kwenda nyumbani.