Safari ya trauti, wiki ya 5: nzi wameanza kushika

Haya wadau, zimebaki kama siku 20 niondoke Tanga kwenda kuvua trauti, samaki wa mito yenye baridi. Tarehe haibadiliki, mwanzoni mwa Februari, maana wenzetu wa Ulaya wanasubiri baridi iishe ndo waingie mtoni ila sisi huku cha kutazama ni mvua, masika yakishaanza vile vijito vya milimani vinakuwa kama chai ya maziwa na trauti anawinda kwa macho, sasa ataona nini. Naenda Mto Gura kule milima ya Aberdare, Kenya, ambako mayai ya trauti yaliletwa toka Uskochi mwaka 1905. Njia ni Horohoro, Mombasa, treni mpaka Nairobi, halafu Nyeri. Leseni ya kuvulia nitakata hukohuko.

Kazi kubwa wiki hii ni nzi wa bandia, yaani chambo cha uzi na unyoya kinachofungwa kwenye ndoana kifanane na mdudu. Wale wa kwanza niliwatia kwenye beseni la maji wakafumuka wote, nikakaa nao usiku kucha mpaka nikajua uzi wa cherehani unateleza, lazima uupake nta ya nyuki kwanza. Sasa nabana ndoana ndogo, namba 14, nazungusha uzi, nachukua unyoya mmoja wa shingo ya jogoo (nimepata kwa muuza kuku Ngamiani) nauzungusha mara nne tano hadi vinyoya visimame kama miguu ya mdudu, kisha fundo na tone la rangi ya kucha. Nimefunga 14, tisa wanaelea vizuri kabisa, nawapenda hao tisa jamani!

Mzee mmoja pale Deep Sea, wanakoshusha samaki, kaniuliza, "Mwanangu, mshipi bila chubwi utafika vipi chini?" Nikamwambia shikamoo mzee, nzi huyu haendi chini, anatakiwa aelee na kasi ileile ya maji, akiburuzwa kidogo tu samaki anajua. Akaushika ule uzi mwembamba wa kuhimili ratli 4 tu akautazama sana, sisi tumezoea wa 40.

Mazoezi ya kurusha mshipi nafanyia ufukwe wa Raskazone alfajiri maji yakiwa yametoka, kabla kaskazi haijachachamaa. Naweka ungo hatua 12 toka niliposimama, nalenga nzi atue humo. Jumatatu nilipata mara 3 kati ya 20, jana mara 11. Bado sweta la mtumba na raba zisizoteleza kwenye mawe, Jumamosi nazifuata.