Expósito, jina la ukoo ambalo halikuanza na ukoo

Vijana wengi wa huku kwetu jina Expósito walilisikia mara ya kwanza kwa yule muigizaji wa Hispania, Ester Expósito, maana siriz zake zimetazamwa mno, na ukilisikia tu linavutia, linakaa kama jina la watu wenye mashamba na farasi. Mimi haya mambo ya majina ya watu nayapenda kupita maelezo, na katika majina ya Kihispania yote niliyowahi kuyafuatilia hili ndo limenikaa rohoni zaidi, kwa sababu halikutoka kwa babu shujaa wala kwenye kijiji wala kwenye kazi ya mtu kama uhunzi au useremala. Limetoka kwa vichanga waliookotwa.

Asili yake ni Kilatini, expositus, yaani aliyewekwa nje. Mtoto kakutwa mlangoni mwa kanisa au hospitali au nyumba ya watawa, hakuna anayejua mama nani baba nani, padri anambatiza, anampa jina la mtakatifu wa siku hiyo, halafu kwenye nafasi ya ukoo anaandika Expósito. Mwanzoni lilikuwa kama maelezo tu ya hali yake, ila mtoto akikua akaoa akazaa, wanawe nao wanarithi, na wajukuu hivyohivyo, basi limeshakuwa ukoo.

Na hapa ujue Wahispania wana utaratibu wao, kila mtu ana majina mawili ya ukoo, kwa desturi la kwanza kutoka kwa baba na la pili kutoka kwa mama, kwahiyo mtu akikutajia jina lake kamili ameshakutajia pande zote mbili za familia yake. Sasa fikiria huyu ambaye pande zote mbili hazipo! Kwenye jamii iliyokuwa inapima heshima ya mtu kwa damu yake na wazazi wake, hilo jina lilikuwa linamtangulia kila anapoenda, shuleni, kazini, akitaka kuoa. Sisi tuna kina Shida, Tabu na Masumbuko, majina yanayobeba hali aliyozaliwa nayo mtoto, ila Shida jina lake kapewa na mzazi wake mwenyewe na ubini wa baba upo palepale nyuma yake. Expósito aliandikiwa na karani.

Niwaeleze ilivyokuwa inafanyika maana hii sehemu ndo inayoniumiza. Kwenye ukuta wa nyumba za kulelea watoto waliotupwa palikuwa na kitu wanaita torno, ni kama pipa la mbao lililosimama wima ndani ya ukuta, upande mmoja uko wazi na lenyewe linazunguka. Mama anakuja, mara nyingi usiku asionekane, anamlaza mtoto kwenye ule uwazi upande wa barabarani, anazungusha, anagonga kengele, anaondoka, na ndani kuna sista anayempokea bila kuona sura ya aliyemleta. Wengine waliacha kikaratasi kimebanwa kwenye nguo, amebatizwa au bado, jina lake fulani, na wengine waliacha utepe au kipande cha medali ili siku mambo yakikaa sawa warudi na kipande kingine waseme huyu wetu.

Ndo maana mimi nakataa kabisa ile lugha ya kusema hawa ni watoto ambao hawakupendwa. Wengi waliletwa na njaa, wengine mama kafariki kwenye uzazi na baba hana wa kumnyonyeshea, wengine binti kapata mimba nje ya ndoa na familia inamwambia usituaibishe. Tena walikuwepo mume na mke kabisa wa ndoa ya kanisani waliomleta mtoto kwa sababu mwaka huo mavuno yamegoma, nia yao waje kumchukua baadaye.

Nyumba maarufu kuliko zote ilikuwa Madrid, inaitwa Inclusa, ilianza karne ya 16. Mtoto akipokelewa anaandikwa kwenye daftari, anavishwa shingoni kamba yenye kidude cha madini ya risasi kilichoandikwa namba, halafu anatafutiwa mama wa kumnyonyesha, mara nyingi mwanamke wa kijijini anayelipwa kidogo kidogo kila mwezi. Lakini watoto walikuwa wengi kuliko maziwa, na magonjwa yakiingia humo ndani yanapita kwa wote, vifo vilikuwa vinatisha, kuna miaka zaidi ya nusu ya waliopokelewa hawakufikisha umri wa kutembea. Kwahiyo kila familia ya Expósito unayoiona leo, mwanzo wake ni kichanga aliyepona pale ambapo wenzake wengi hawakupona.

Mwaka 1794 mfalme Carlos IV alitoa amri ambayo kwa wakati ule ilikuwa kubwa sana, kwamba watoto wote wa kuokotwa wahesabiwe kuwa halali mbele ya sheria, wakubaliwe kama raia wengine wa kawaida, na atakayemtukana mmoja wao kwa kumuita mwanaharamu ashtakiwe, afute kauli yake mbele ya hakimu na alipe faini juu. Naiheshimu sana ile amri. Ila mdomo wa jirani hauzuiliwi na karatasi ya mfalme, jina liliendelea kunyooshewa vidole, mpaka karne ya 20 ndo sheria zikaanza kuwafungulia watu mlango, mwaka 1921 wakaruhusiwa kulibadili, na sheria ya usajili ya 1957 nayo ikalitaja Expósito kwa jina kabisa kama mojawapo ya yale ambayo mwenyewe anaweza kuomba kuyabadilisha. Siku hizi msajili akiletewa mtoto asiyejulikana wazazi wake inabidi ampe majina ya kawaida yanayotumika na watu, basi.

Na sio kila sehemu waliandika Expósito. Washabiki wa mpira mnamkumbuka Gerard Deulofeu aliyepita Everton, Barcelona, Milan na Watford, lile jina ni la Kikatalani, lugha ya upande wa Barcelona, maana yake Mungu alimuumba, na ndo lilikuwa linapewa watoto wa namna hii upande ule. Kuna waliopewa majina ya kanisa, msalaba, watakatifu, ingawa usije ukakutana na mtu anaitwa Iglesias au de la Cruz ukamhesabu humo moja kwa moja, majina hayo yana njia nyingi. Kule Havana, Cuba, waliokotwa wengi wakaitwa Valdés, kwa sababu askofu Gerónimo Valdés aliyeanzisha nyumba yao mwanzoni mwa karne ya 18 aliwapa jina lake mwenyewe. Mshairi Plácido, jina kamili Gabriel de la Concepción Valdés, aliyezaliwa 1809 na mama Mhispania na baba mwenye damu ya Kiafrika, alipelekwa kwenye nyumba hiyo akiwa mchanga, akakua akawa mshairi anayesomwa kisiwa kizima, na mwaka 1844 Wahispania wakampiga risasi wakidai anashirikiana na watumwa kupanga uasi. Halafu Italia wana Esposito, Napoli imejaa, chimbuko ni lilelile, na mfalme wa Napoli Joachim Murat mwanzoni mwa karne ya 19 alipiga marufuku watoto kupewa jina hilo, ila lilikuwa limeshaenea.

Leo Hispania wapo makumi ya maelfu ya watu wanaobeba Expósito, hasa Andalusia kule kusini, na Amerika ya Kusini wamejaa pia. Lakini hawa sio ndugu. Kila tawi lina mtoto wake wa kwanza, mlango wake, mwaka wake, kwahiyo Expósito wawili wa mtaa mmoja wanaweza wasiwe na tone la damu moja. Naona mitandaoni watu wanauziwa nembo ya ukoo wa Expósito, ngao na simba na maua, na ninakasirika kweli, huo ni wizi. Mwenye jina hili anayetaka kujua alikotoka aende kwenye madaftari ya nyumba za watoto, mengi yamehifadhiwa kwenye makumbusho ya nyaraka ya majimbo, humo anaweza kukuta tarehe na saa mtoto alipoingia, alivaa nini, kikaratasi kilisemaje, na alipelekwa kijiji gani kunyonyeshwa. Hapo karatasi zinaishia, zilizobaki ni vipimo vya vinasaba.

Walioamua kulibadili wana haki yao kabisa. Ila waliobaki nalo, wakalipeleka kwenye majukwaa na jezi na vyeti vya chuo bila kuficha, hao nawapenda zaidi.