Kichwa cha Samaki kwa Wabasque

San Sebastián, mji wa pwani wa Wabasque, watu wa kaskazini mwa Hispania, si mji mkubwa. Wakazi wake hawafiki laki mbili, na mtu mwenye miguu ya kawaida anaweza kuvuka ufuo wa La Concha kutoka mwisho hadi mwisho kabla jua la asubuhi halijachachamaa. Lakini ndani ya mji huu na viungani mwake kuna mikahawa mitatu yenye nyota tatu za Michelin: Arzak, Akelarre, na ule wa Martín Berasategui ulioko Lasarte. Ndiyo maana dada yangu, anayefanya kazi Bordeaux, aliponiambia nitakapotua Ufaransa nisifungue begi, nilijua kuna meza imeshawekwa upande wa pili wa mpaka.

Nyota zenyewe zilianzishwa na watu wa matairi. Ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, walitoa kitabu chao cha mwongozo mwaka 1900 ili wenye magari wasafiri zaidi na mipira iishe upesi. Mwaka 1926 wakaanza kugawa nyota, na baadaye wakazipa daraja: moja, mkahawa ni mzuri, mbili, unastahili uache njia yako uupitie, tatu, unastahili ufunge safari kwa ajili yake tu. Biashara ya mpira hiyo, lakini imefanya wapishi wa dunia nzima wakose usingizi.

Tulipanda treni ya kasi hadi Hendaye, mji wa mwisho wa Ufaransa, kisha tukaingia treni ndogo waiitayo Topo. Treni hiyo inavuka mto, inapenya mahandaki, na baada ya nusu saa na ushei inakushusha katikati ya San Sebastián. Hakuna aliyetuuliza pasipoti. Baada ya yote niliyopitia kuipata ile visa, nilikaribia kudai mtu aje aitazame.

Jioni ya kwanza tulizunguka mji wa kale, ule wenye vichochoro vilivyojaa baa za vitafunio vyao vidogo, pintxos. Hapo Mwislamu anatakiwa awe na macho. Mapaja ya nguruwe yananing'inia darini, na nyama yake imeingia hata kwenye vitu visivyoonekana kuihitaji. Dada, mwenyeji wa mambo haya, alinionyesha kimbilio: Gilda. Ni kijiti kilichochoma zeituni, kisamaki cha chumvi jamii ya dagaa, na pilipili ndefu ya kijani iliyolowekwa kwenye siki. Unakitia mdomoni chote kwa mpigo mmoja. Chumvi, uchachu na mwasho vinakuja kwa zamu, na unaagiza kingine. Cha kushushia kuna mosto, maji ya zabibu yasiyochachushwa, ambayo kila baa inayo, na hakuna anayekutazama vibaya ukiyaagiza. Tukamalizia La Viña kwa keki yao ya jibini, ile iliyoachwa ikaungua juu kwa makusudi na ndani ikabaki laini kama uji mzito. Siku hizi inaigwa kila mahali. Ya pale ni nzuri, ila vipande viwili kwa mtu mmoja ni ukaidi.

Arzak ilikuwa kesho yake usiku. Nyumba iko kando ya barabara yenye magari mengi, na ukipita bila kujua huwezi kugeuza shingo. Babu na bibi wa Juan Mari Arzak waliijenga mwaka 1897, ikawa baa ya mvinyo na mahali pa kula watu wa kawaida. Juan Mari aliirithi kwa mama yake, na mwaka 1976 yeye na Pedro Subijana, yule wa Akelarre, walikutana na mpishi mashuhuri wa Ufaransa, Paul Bocuse, kwenye mkutano Madrid, kisha wakamfuata kwake Lyon kujifunza. Wakarudi na moto. Wao na wenzao wakaanza kupunguza uzito wa michuzi, kufufua mapishi yaliyokuwa yanasahauliwa, na kusimama upya juu ya samaki wa bahari yao. Mji huu kuwa ulivyo leo umetokana na kundi lile la marafiki waliokuwa wakionjeshana sufuria. Arzak wana nyota tatu tangu 1989, na sasa jiko linaongozwa na binti, Elena, kizazi cha nne.

Wakati wa kuweka nafasi dada alikuwa ameandika wazi: hatuli nguruwe, na hatutaki mvinyo hata ndani ya mchuzi. Hilo la mchuzi ndilo watu wetu husahau. Jiko la kule linatia mvinyo kama sisi tunavyotia tui, bila hata kufikiri. Walijibu kwa adabu na usiku ule kila sahani ililetwa na maneno yake: hii tumebadilisha, hii haikuhitaji kubadilishwa.

Vilikuja vitu vidogo vidogo kwanza, kila kimoja kimebuniwa kama kitendawili. Juu ya jiko lao kuna maabara, na chumba cha viungo zaidi ya elfu moja vilivyopangwa kwenye visanduku, kwa hiyo usishangae ukikutana na ladha usiyoijua baba wala mama. Hawa ndio watu waliowahi kuandaa chakula juu ya kioo chenye skrini ya mawimbi chini yake. Nilicheka, nilishangaa, nilikula na vingine nikaomba nielezwe tena. Elena alipita meza hadi meza akisalimia wageni, na hata yetu haikurukwa. Usiku wa namna ile nitausimulia maisha yangu yote. Bei nayo nitaisimulia: zaidi ya euro 200 kwa kichwa, kabla hujagusa kinywaji.

Lakini chakula kilichonifanya ninyamaze kilikuwa Getaria.

Getaria ni kijiji cha wavuvi, chini ya saa moja kwa basi kuelekea magharibi. Ukishapita Zarautz, barabara inabanwa kati ya mlima na bahari, mawimbi upande mmoja na mashamba ya zabibu upande mwingine, hadi unapoona kilima kilichojitokeza majini ambacho wenyeji hukiita Panya. Kweli ni panya, ana hata mkia. Hapa alizaliwa Balenciaga, mshonaji wa nguo za mabibi wakubwa, na hapa alizaliwa Juan Sebastián Elcano, nahodha aliyefikisha nyumbani msafara wa Magellan wa kuzunguka dunia baada ya Magellan kuuawa Ufilipino. Elcano alirudi mwaka 1522 na watu 18 tu merikebuni. Alivuka Bahari ya Hindi kusini kabisa akiwakwepa Wareno, kwa hiyo pwani yetu hakuiona. Kwa hao Wareno waliotufikia tuna Ngome ya Yesu ya kutukumbusha.

Mkahawa unaitwa Elkano. Pedro Arregui aliufungua mwaka 1964, na sasa unaendeshwa na mwanawe Aitor. Moto wao hauko chumba cha siri. Jiko la mkaa liko nje, na harufu inakupokea kabla ya mhudumu. Hadithi yao ni kwamba wavuvi wa Getaria walikuwa wakichoma samaki hukohuko melini, na Pedro akachukua ujuzi ule akamtia motoni rodaballo mzima na ngozi yake, wakati wengine hawakumdhania samaki huyu kuwa wa kuchoma. Rodaballo ni samaki bapa, wa jamii moja na gayogayo wetu, ila mpana kama sinia. Msimu wake mzuri ni mwanzo wa kiangazi, anapokuwa amenona, na sisi tulikuwa Juni.

Walianza na kokotxas, nyama ya chini ya kidevu cha samaki aitwaye merluza, kwa namna tatu. Moja imechovywa kwenye yai ikakaangwa, moja imepita kwenye mkaa, na ya tatu ndiyo pil-pil. Hiyo ya pil-pil ina mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, na pilipili kidogo, basi. Mpishi anakizungusha chombo polepole mkononi, ute wa samaki unatoka, unashikana na mafuta, na mafuta yanageuka rojo jeupe zito bila unga wala maziwa. Nilimtazama dada. Sisi tumekulia Mombasa, nyumba ambayo kichwa cha changu kilikuwa cha baba, na baba asipokuwepo kinaleta ugomvi. Miaka yote nimesikia wageni wakisema Waswahili wanakula hata macho, na hapa watu wanasafiri kutoka Tokyo kuja kula kidevu.

Kisha akaletwa rodaballo mwenyewe, mzima, na akaonyeshwa kwetu kwanza. Alikuwa amechomwa ndani ya wavu unaofuata umbo lake na kunyunyiziwa mchanganyiko wa mafuta na siki wakati yuko motoni. Mhudumu alimpasua palepale mezani kwa vijiko viwili. Akatupa mnofu wa mgongo, ulio mnene. Kisha wa tumboni, wenye mafuta zaidi. Akatuambia tulinganishe ngozi nyeusi na nyeupe, kwa sababu upande wa juu na wa chini havina ladha moja. Akatenga mashavu. Akainamisha sinia, akaukusanya ule mchuzi uliojitengeneza wenyewe kwa majimaji ya samaki na siki, akautikisa hadi ukashikana, akatumwagia juu. Mwisho akasogeza mapezi na mifupa, akaweka uma pembeni, akaonyesha kwa ishara: vidole.

Meza ya jirani, wazee waliovaa vizuri kuliko sisi, walikuwa tayari wanafyonza mifupa.

"Haya," dada akasema, "leo hata mama angekuona hana la kukukemea."

Kando ya mapezi kuna ute mzito unaonata midomo, na kati ya mwiba na mwiba mna vinyofu vitamu ambavyo uma hauvifikii. Tulikuwa kimya muda mrefu. Kwa macho yangu, kazi ya pale ni ngumu kuliko ile ya visanduku elfu, maana hakuna pa kujificha: samaki, chumvi, mkaa, na mtu anayejua lini amtoe. Samaki huuzwa kwa uzito, na uzito wa wetu ulipofika kwenye bili nilimwuliza dada kama hii ni bei ya samaki au ya jahazi. Akanijibu ninywe kahawa yangu ninyamaze, yeye ndiye anayelipa.

Kama unafikiria kwenda, weka nafasi miezi kadhaa kabla, eleza usichokula siku hiyohiyo unapoweka, na chagua mchana, kwa sababu mwanga wa bandari ile ni sehemu ya mlo na mabasi ya kurudi ni mengi.

Kwenye basi dada alimpigia mama. Akamweleza habari ya kidevu, ya mashavu, ya kufyonza miiba mbele za watu. Mama alifurahi sana, akauliza kama wali ulikuwepo, akaambiwa hapana, akatusikitikia. Kisha akauliza ni shilingi ngapi. Dada akanipa simu.