Hela ya Bibi na kipande cha ndimu

Juzi sabuni iliisha, nikasugua sufuria kwa majivu na ndimu kama zamani. Harufu ile iliponifikia puani nikaacha kusugua, nikakaa kwenye kigoda. Mke wangu akauliza kulikoni. Nikamwambia: hela ya Bibi.

Bibi alikuwa na kopo la Kimbo, lile la mafuta ya kupikia, mnalijua. Chini ya vifungo na sindano mlikuwa na senti kumi za matundu za enzi za Mwingereza, kazitunga kwenye uzi kama shanga, hela kadhaa za Mjerumani zenye taji, na moja kubwa, nzito, nyeusi tii. Hela ndilo jina lake hasa, Heller kwa Kijerumani; sisi tumebaki na neno tu.

Mwaka 1993, nikiwa kidato cha pili, mzee mmoja mnunuzi wa vitu vya kale aliiona akaachia mdomo wazi. Akasema ilipigwa hapa hapa Tabora mwaka 1916, kwenye karakana ya reli, vita vimepamba moto na meli za Mwingereza zimeziba bahari. Zipo za shaba ya manjano, zipo za shaba nyekundu, na yetu ni nyekundu. Niipeleke Jumamosi tuzungumze. Bibi akasema, "Nenda, mume wangu, urudi na mabati."

Ijumaa jioni nikaona aibu kumpelekea mtu mzima kitu kichafu. Nikaketi nyuma ya jiko na nusu ndimu, majivu na kipande cha gunia. Tone la kwanza likatambaa kandokando ya ile namba 20, maana ilikuwa ya hela ishirini, weusi ukaanza kulegea, ukatoka uji wa kijivu, na chini yake wekundu ukachungulia kama ufizi wa mtoto. Nikasugua. Likatokea taji, ikatokea 1916, ikatokea herufi T ndogo, ya Tabora. Ndimu ilinichoma kwenye mkwaruzo wa kidole gumba, sikujali. Nilipoisuuza iling'aa kama sufuria ya harusi. Nikaipaka na mafuta ya nazi kabisa!

Mzee aliipeleka dirishani na lenzi yake. Kimya.

"Nani kaiosha?"

"Mimi, mzee."

Akaiweka mezani taratibu, kama anayemlaza mgonjwa. Wakusanyaji, akasema, huulipia ule weusi wenyewe, na majivu yangu yameshakwaruza uso mzima. Bei aliyonitajia ilitosha chai na maandazi. Nikarudi nayo.

Bibi akaigeuzageuza juani. "Hii siyo yangu," akasema. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania. Mabati tuliyapata mwaka uliofuata, kwa tumbaku.

Sasa iko kwenye droo yangu. Imeanza kurudia weusi, ila wa madoadoa. Juzi nikaitoa, binti yangu akainusa, akasema inanuka mikono, akaanza kuipangusa na gauni. Nilimnyang'anya kwa kasi mpaka akalia.